Konzi Moja Kila Gunia

Jumatatu, Juni 10

Leo nimepungua kilo tano. Kwa wiki moja! Bila kisu, bila sindano, bila mizizi ya mtu yeyote. Binti yangu ameshuhudia kwa macho yake mawili: nimepanda mizani ya ghala mbele yake, mkono wa mizani umelala sawa, namba imesomeka. Wanaosema mzee haachi tabia wakatafute maneno mengine. Nikienda mwendo huu, mwisho wa mavuno nitakuwa kama mpini wa jembe, na upepo ukivuma itabidi mnifunge kwa kamba.

Daktari alisema niandike kila siku nilichokula na ninavyojisikia. Nilichokula: kiazi kimoja, mboga, maji. Ninavyojisikia: mfalme.

Jioni, siku hiyohiyo

Kalamu inanisuta. Zile kilo tano ni uongo. Sijapungua hata uzito wa kope.

Mimi ni mpima mizani kwenye ghala la karanga. Mizani yetu ni ile ya chuma ya kusimama: gunia linakaa chini kwenye bamba, huku juu kuna mkono wenye namba, na mwisho wa mkono panatundikwa mawe. Aliyeizoea anajua kwamba kitu kidogo tu kikining'inia pale kwenye mawe, chini kinafuta kilo nzimanzima. Kabla binti hajafika nilitundika nati ndogo kwa uzi mweusi. Basi. Huo ndio ufalme wangu.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita niliteleza bafuni, na mke wangu akanidaka. Mtu gani anadaka nyumba inapoanguka? Kifundo cha mkono wake kikavunjika. Nikalala pale sakafuni, siwezi kuinuka, mpaka wakaitwa wachukuzi wanne kutoka ghalani. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, mkono ameukumbatia kama mtoto mchanga, akawaambia, "Mwinueni kwanza yeye." Maneno hayo ni mazito kuliko mimi.

Baada ya kufungwa plasta akahamia kwa binti yetu. Mlangoni akasema, "Baba watoto, sikukimbii wewe. Naukimbia uzito wako. Siku utakayokaa chini sakafuni ukainuka bila kushikwa na mtu, nitarudi."

Kwa daktari nako nilipopanda kimizani chake, mshale ulizunguka ukagonga mwisho ukabaki unatetemeka, maskini. Daktari akaniambia, "Mzee, ama tukukate tumbo tulipunguze, ama upungue mwenyewe. Nikuone baada ya mavuno. Ila utajipima wapi?" Binti yangu akajibu upesi, "Kazini kwake, kwenye mizani ya magunia." Binti anataka kisu. Mimi kisu nakijua kwenye gunia: ukishalichana halirudi kuwa gunia, linakuwa kiraka. Amesema atakuja kunipima kila Jumatatu, na asipoona mabadiliko ananipeleka.

Jumanne, Juni 11

Nati niliisahau.

Kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda, mpima mizani hutazama mkono wa mizani ukiwa mtupu. Ukilala sawa, anaita, "Haya, leta!" Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni kupiga kelele tu. Leo nilikuwa nimesimama mlangoni nawasimulia wachukuzi jinsi nilivyopungua, nageuka huku na huku kama bibi harusi, na foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani. Nikaita "Leta!" bila kutazama.

Magunia yakapita. Wakulima wakawa wanaguna.

"Karanga za mwaka huu nyepesi."

"Mvua iliondoka mapema."

"Ardhi imechoka, jamani."

Mama mmoja mwenye kilemba cha kijani alilipapasa gunia lake kama anapima homa, akasema, "Mbona nilipolibeba lilikuwa zito kuliko hivi?" Nikamjibu, tena kwa mbwembwe, "Mama, njia ndefu hufanya kila kitu kiwe kizito." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Wakati wa mapumziko nyapara akapanda mizani. Huyu nyapara wa wachukuzi ni rafiki yangu, mkavu kama kuni, na ana desturi ya kujipima kila mavuno yanapoanza. Tangu tukiwa vijana uzito wake haujawahi kusogea. Nikamsomea namba.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kilo tano zimekwenda wapi?" Akajishika mbavu. "Mwenzangu, mimi naumwa. Baba yangu alianza hivihivi. Alikonda kidogo kidogo, tukadhani ni kazi, tukaja kumzika."

"Huumwi."

"Unajuaje? Wewe ni daktari?" Akaketi juu ya magunia, uso umepauka. "Usimwambie mke wangu. Nitamwambia mwenyewe."

Hapo ndipo nilipogeuka nikatazama nyuma ya mizani. Nati ilikuwa inaning'inia, imetulia, kama mgeni aliyekaribishwa.

Ningependa kuandika kwamba nilisema palepale. Sikusema. Niliichomoa nikaifumba kiganjani, nikawaza: wakulima wa mchana magunia yao yatakuwa mazito, watashukuru kwamba mashamba yao yamebarikiwa, na wa asubuhi wataendelea kuilaumu mvua. Mvua haina mdomo. Nyapara alikuwa bado ameketi, anazihesabu mbavu zake kwa vidole. Mama wa kilemba cha kijani alikuwa kwenye kivuli cha ukuta anakunywa maji, na kila akimeza funda analitazama gunia lake.

"Huumwi," nikamwambia nyapara. "Ni mimi." Nikafumbua kiganja.

Akaitazama nati, akalitazama tumbo langu, akairudia nati. Nilingojea kofi. "Yaani," akasema polepole, "umeniua kwa nati?" Kisha akasimama juu ya magunia, akaita kwa sauti ile ya kupangia foleni: "Wakulima! Karanga zenu hazina kosa. Mpima mizani ana neno."

Ningeomba ardhi ipasuke initie ndani, lakini kwa uzito wangu kama ingekuwa ya kupasuka ingeshapasuka zamani. Nikasema yote. Nikasema sikukusudia kumpunja mtu, nilitaka kumdanganya binti yangu tu. Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na sisi tulikuwa binti zako?"

Ahueni ni kwamba malipo hufanywa jioni, hakuna aliyekuwa ameondoka. Magunia yote yakashushwa yapimwe upya. Wachukuzi wakabeba mara ya pili, hakuna aliyelalamika kwa mdomo, migongo ndiyo iliyolalamika. Ila kabla ya gunia la kwanza mama wa kilemba akanyoosha mkono. "Tutajuaje kwamba sasa inasema kweli? Apande yeye kwanza. Asomewe."

Nikapanda. Nyapara akasogeza jiwe, akalirudisha, akasogeza tena, akasoma kama anavyosoma gunia: "Mia moja hamsini na mbili!"

Wiki iliyopita nilikuwa mia moja hamsini na moja. Nilikuwa nimeongezeka!

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo linaloniunguza. Wangecheka ningejua la kufanya, maana kuchekesha watu ndiyo kazi yangu ya pili. Walinitazama vile unavyomtazama ng'ombe wa jirani aliyelala njiani: unamhurumia, na unashukuru si wako.

Mwenye ghala hakunifukuza. Amesema tu kwamba kuanzia kesho, mkulima wa kwanza kwenye foleni ndiye atakayekagua nyuma ya mizani kabla sijaita.

Jumatano, Juni 12

Mkulima wa kwanza amekagua. Ameinama, amechungulia, amepitisha kidole. Mimi nimesimama kando kama mwizi anayesubiri kusachiwa.

Sikula. Aibu inashibisha.

Alhamisi, Juni 13

Haishibishi. Nimekula.

Ijumaa, Juni 14

Binti amekuja. Habari zilikuwa zimeshamfikia sokoni kabla mimi sijamfikia. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Baba, ungenidanganya mimi peke yangu ningevumilia."

"Mwanangu..."

"Nilikwenda kumwambia mama umepungua kilo tano. Unajua alifanya nini? Alianza kukunja nguo zake."

Akaondoka. Nimebaki natazama mlango. Alikuwa ameanza kukunja nguo.

Jumatatu, Juni 17

Binti hakuja kunipima. Nyapara ndiye aliyenipima. Mia moja hamsini na mbili. Sijala mkate wiki nzima, sukari nimeiaga, jioni nakula kiazi na mboga mpaka nimeanza kunuka shamba, na mizani haijasogea! Nikamwambia nyapara, labda mwili wangu hauli chakula, unakula hewa.

"Na zile konzi?" akauliza.

"Konzi zipi?"

"Kila gunia likifunguliwa unachota konzi ya karanga, unamenya, unatafuna, unasema kavu au mbichi. Kila gunia."

"Ile si kula. Ile ni kazi."

"Tumbo lako linajua kwamba ile ni kazi?"

Miaka yote hii namwambia mke wangu, "Mimi ghalani sili kitu," na naapa kwa mkono wa kulia, ambao ndio huo wa kuchotea. Naye akanihurumia, jioni akanipakulia sahani ya mtu aliyeshinda njaa.

Jumanne, Juni 18

Leo nimepima ukavu kwa sikio. Karanga ikikauka inacheza ndani ya ganda lake. Unaitikisa karibu na sikio, inasema. Mbichi inanyamaza. Hili nilifundishwa nilipoanza kazi, nikaliacha kwa sababu sikio halisikii utamu.

Wachukuzi wameniona nimeinamisha kichwa kila gunia. "Tani," wananiita hivyo, "karanga zinakwambia nini?" Nikawaambia, zinasema nisizile.

Mkulima wa kwanza amekagua.

Juni 24

Mia moja arobaini na tisa. Nilimwambia nyapara asome mara tatu. Kisha nikachungulia mwenyewe nyuma ya mizani, nikapitisha kidole.

Juni 30

Njaa. Usiulize zaidi.

Julai 6

Nimejaribu kukaa sakafuni nyumbani. Kukaa si tatizo, mwili unashuka wenyewe, unajua njia. Tatizo ni kurudi. Nilishika kiti, kiti kikaja. Nilishika pazia, pazia likaja. Mwishowe nikatambaa mpaka mlangoni nikaita, na aliyesikia ni fundi viatu wa jirani. Akaleta mke wake na shemeji yake. Wakanivuta. Shemeji akauliza, kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee, ulikuwa unatafuta nini chini?"

Nikasema kifungo.

Wakaanza kunisaidia kutafuta kifungo. Watu watatu wazima, wamepiga magoti nyumbani kwangu, wanakagua sakafu. Nikawaacha watafute. Huo ndio utu wangu ulipofikia.

Julai 8

Nimemsimulia nyapara habari ya kifungo. Amecheka mpaka akashika ukuta, tumesameheana mambo ya nati papo hapo. Halafu akasema, "Unainuka vibaya. Unajivuta kwa mikono kama mtu anayeiba gunia. Mchukuzi anainukaje na mzigo?"

Akatandika magunia matupu nyuma ya ghala akanionyesha. Goti moja chini. Mguu mwingine mbele, kisigino kimekanyaga. Mikono juu ya paja. Pumzi nje, ndipo unainuka. Mgongo haubebi, mapaja ndiyo yanayobeba.

"Wewe una taabu mbili," akasema. "Wewe ndiye mchukuzi, na wewe ndiye gunia."

Nimejaribu. Wamenivuta wawili. Wawili si wanne.

Julai 15

Mia moja arobaini na nne.

Julai 16 mpaka 20

Natembea kwenda kazini, natembea kurudi. Vitoto vya jirani vinanihesabia mapumziko. Suruali imeanza kuniteremka. Mkanda umefika tundu la mwisho. Nilimwomba nyapara anitobolee jingine, akakataa.

"Siku utakayoinuka mwenyewe mbele ya mkeo, nitakutobolea kwa mkono wangu na msumari wangu. Mpaka siku hiyo funga kamba ya gunia, ikukumbushe ulikotoka."

Nimefunga kamba.

Agosti 3

Mvua ya ghafla, isiyo ya msimu wake. Wakulima hawakuja. Ghala kimya, magunia yananukia, na mimi sina la kufanya ila kuwa na tumbo. Nilikwenda dukani nikanunua mkate mzima na sukari, nikajificha nyuma ya magunia kama panya, nikala wote. Sikusikia utamu baada ya vipande vitatu vya kwanza. Vilivyobaki nilivila kwa sababu vilikuwepo.

Nilipoinua macho, nyapara alikuwa amesimama. Sijui alifika lini. Alikwenda akarudi na kikombe cha maji, akakiweka karibu na mguu wangu, akaondoka.

Afadhali angenitukana.

Agosti 4

Sikuandika kilichonipata jana kwa ajili ya daktari. Nimekiandika ili kesho nisijiambie kwamba ule mkate nao ulikuwa kazi.

Agosti 12

Binti amekuja asubuhi, amevaa viatu vya kutembelea. Hakunisalimu vizuri, amesema tu, "Haya baba, twende." Tumetembea bega kwa bega mpaka ghalani. Njiani nikamwuliza, "Bado unataka wanikate?"

"Baba, tangu mkono wa mama uvunjike mimi ndiye ninayemvalisha. Kila asubuhi namfunga nguo kifuani, namchana nywele. Hajawahi kulalamika. Anachouliza ni kimoja tu: 'Huko nani atamwinua akianguka?' Mimi sikutaka kisu. Nilitaka aache kuuliza."

Mimi nilidhani ana haraka ya kunipasua. Kumbe mtoto alikuwa amebeba watu wazima wawili, na mmoja wao alikuwa mimi. Nikamwambia kuhusu mkate wa Agosti 3. Akasimama, akanitazama, akasema, "Wote?" Nikasema wote. "Na sukari?" Na sukari. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Tukaendelea.

Agosti 26

Mia moja thelathini na saba. Kumbe chini ya tumbo langu kuna viatu.

Septemba 9

Nyuma ya ghala, nusu ya kuinuka nilifanya mwenyewe. Nusu nyingine nilifanya kwa kuanguka upande mwingine.

Septemba 16

Leo mkulima wa kwanza alikuwa mama wa kilemba cha kijani. Amekagua nyuma ya mizani kwa makini kuliko wote. Halafu ameniangalia, juu mpaka chini, akasema, "Wewe mwaka huu ni mwepesi. Mvua iliondoka mapema?"

Foleni nzima ilicheka. Nilitaka kulia, nikacheka nao. Nilimwomba radhi ya lile neno la njia ndefu. Akasema, "Haya, ita 'Leta', jua linapanda."

Septemba 30

Mia moja ishirini na tisa. Jirani fundi viatu ameniuliza kama naumwa. Nimefurahi siku nzima.

Oktoba 14

Nimeinuka. Nyuma ya ghala, peke yangu, goti moja, mikono pajani, pumzi nje. Hakukuwa na mtu. Nikakaa tena chini nikangoja mpaka nyapara atokee ili nimwonyeshe, na mbele yake nikashindwa. Akasema, "Najua umeinuka. Una vumbi kwenye goti moja tu."

Jumamosi, Oktoba 26

Gunia la mwisho la msimu limepimwa. Mia moja ishirini na nne, imesomwa na nyapara, nyuma ya mizani amekagua binti.

Jumapili, Oktoba 27

Nimekwenda kwa binti. Nimevaa shati la kupigwa pasi. Kamba ya gunia nimeivua, nimefunga mkanda tundu la mwisho, kwa sababu sikutaka mke wangu anione nimefungwa kama mzigo.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Plasta iliondolewa zamani, lakini kifundo kimepona kikiwa kimepinda kidogo. Aliponiona akaanza kuinuka anipishe kiti, nikamwambia, "Kaa." Nikakaa na mimi, hapohapo mkekani, mbele yake. Binti akashika mlango. Kwa muda tulichambua maharage wote wawili.

"Nisamehe mkono," nikasema.

"Mkono umepona. Sema habari zako."

"Habari zangu ndizo hizi." Nikaweka goti moja. Mguu mwingine mbele. Mikono pajani. Binti akapiga hatua, mama yake akamwambia, "Mwache!" Paja likatetemeka kama mlango wa bati. Nikatoa pumzi, nikapanda, nikapanda, na nilipokuwa nimesimama wima, bila kiti, bila pazia, bila mchukuzi hata mmoja, suruali ikashuka yote mpaka kwenye vifundo.

Ndani nilikuwa na chupi ya bluu yenye kiraka, na kiraka chenyewe ni cha kitambaa cha maua.

Sikuweza kuinama kuifuata. Kuinuka kulikuwa kumemaliza nguvu zote. Nikasimama hivyo, mzee mzima, mpima mizani, natazama ukutani. Mke wangu alijaribu kujizuia. Alifunika mdomo kwa mtandio. Kisha akacheka, cheko ambalo sijalisikia tangu siku ya bafuni, maharage yakamwagika, akaja kwa magoti, akaishika suruali yangu kwa mkono uleule uliopinda, akaivuta juu, akaishikilia pale kiunoni.

"Nitarudi kesho," akasema. "Leo siwezi. Nikitembea barabarani huku nacheka hivi, watasema nimerukwa na akili."

Jumatatu, Oktoba 28

Amerudi kweli. Ninapoandika haya yuko jikoni, anaimba kwa kukosea maneno, kama zamani. Wiki ijayo nakwenda kwa daktari, na safari bado ndefu, najua. Suruali nimeishika kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia naandika.

Sasa wewe, nyapara. Najua unalipekua daftari hili kila nikienda msalani, na hapa utafika. Nimeinuka, mbele ya mke wangu, shahidi ni binti. Nitobolee mkanda. Tundu moja tu, na uje na msumari wako kama ulivyosema, kabla sijasimama tena mbele ya watu.